GPS ya mtumba kwa ndege ndogo: 430, KLN 94 au ya kushika mkononi, ipi ikufae wewe?

Kuna swali naulizwa karibu kila nikifika uwanja wa ndege wa Dar pale upande wa Terminal One, na anayeuliza mara nyingi ana Cessna 172 au Cherokee ya miaka ya sabini, ana hela kiasi lakini sio hela ya GPS mpya, na ameshaona mtandaoni tatu nne za mtumba, kila muuzaji anaapa kwamba yake imetolewa kwenye ndege ikiwa nzima kabisa. "Kaka, nichukue ipi?" Mie siku hizi sijibu haraka, maana niliwahi kujijibu haraka kwa hela yangu mwenyewe na nikajuta.

Ilikuwa hivi. Tuko watatu kwenye 172 moja, wenzangu wakaniachia nitafute GPS ya paneli, nikaona KLN 89B mahali inauzwa bei ya kutupa, nikalipa usiku huohuo nisije nikawahiwa. Mzigo ukafika, nikaupeleka kwa fundi natabasamu. Akaichomoa kwenye boksi, akaigeuza nyuma, akanyamaza kidogo.

"Bosi, trei iko wapi?"

"Trei gani fundi?"

"Hii haisimami yenyewe. Inaingia kwenye trei, kwenye trei ndo kuna konekta, kwenye konekta ndo kuna waya. Na kile kipaneli cha taa na swichi? Antena je?"

Muuzaji alikuwa ameuza kichwa bila mwili. Mpaka tunamaliza kukusanya vikorokoro, tumetumia hela nyingi kuliko bei ya GPS yenyewe, na ndege imekaa chini muda wote huo huku wenzangu wananitumia meseji za "vipi mkuu, bado?". Kwa hiyo naandika hii kwa ajili ya yule ambaye bado hajalipa.

Kwanza ujue unapima nini

Watu wengi wanalinganisha bei kwa bei na kioo kwa kioo, wakati mambo ya kupima ni matano. Moja, hela yote mpaka ifanye kazi, sio bei ya kwenye tangazo. Mbili, databesi, yaani ramani na viwanja vilivyomo ndani, vinasasishwaje na je Afrika imo. Tatu, kioo na vitufe, utaviona saa sita mchana au hapana. Nne, sheria, inaruhusiwa kwa IFR (kuruka kwa kutegemea vifaa) au ni ya kukusaidia tu ukiwa VFR (kuruka kwa kuangalia nje). Tano, uzee, kwa sababu vyote hivi ni vizee na swali ni nani atakitengeneza kikifa.

Naweka upande kwa upande vitatu ambavyo ndo vinazunguka sana sokoni: Garmin GNS 430 pamoja na ndugu yake 430W, Bendix/King KLN 94 pamoja na mtangulizi wake 89B, na zile za Garmin za kushika mkononi, 296, 396, 496 na aera za mia tano. Viko vingine, Apollo GX na kadhalika, ila ukielewa hivi vitatu unaweza kujipimia mwenyewe.

Hela yote

430 ndo ghali zaidi hapa, hesabu maelfu ya dola kadhaa, na W inapanda juu ya ile ya kawaida. Lakini ujue unachonunua sio GPS peke yake, ndani kuna redio ya mawasiliano, kuna VOR na ILS, zile za kuongozea ndege njiani na kushukia uwanjani kwa mawimbi ya redio, yaani unaweza kutoa redio yako ya zamani na nafasi ikabaki kwenye paneli. Kama redio yako namba moja inakoroma na ulikuwa utaibadilisha hata hivyo, basi bei inaanza kuwa na akili. Ubaya wake ni huohuo uzuri wake, siku ikienda kwa fundi inaondoka na redio, VOR na GPS kwa mpigo mmoja, unabaki na tundu kwenye paneli.

Angalia volti kabla ya kitu chochote. Cessna 172 zilihamia mfumo wa volti 28 kuanzia modeli ya mwaka 1978, za kabla ya hapo ni volti 14, na kuna 430 za mwanzo zinazotaka 28 tu. Mwambie muuzaji apige picha ya kibati chenye namba, sio picha ya uso. Uso kila mtu anapiga.

KLN 94 ni rahisi zaidi, na 89B ndo kabisa, hii ni mia kadhaa ya dola. Ila haina redio ndani, ni GPS tupu, na kwa IFR inataka sindano ya CDI ya nje, ile inayokuonyesha umetoka kushoto au kulia kwa njia yako, pamoja na kile kipaneli cha taa na swichi, zile MD41, ambacho mie nilikuwa hata sijui kipo. 430 ina kitufe chake cha CDI kwenye uso, unabonyeza inahama kutoka GPS kwenda VOR, na ikiwa imekaa karibu na macho ya rubani mara nyingi haihitaji taa za pembeni. Kwa hiyo kwenye ndege isiyo na kitu chochote, ule unafuu wa KLN unaliwa na kazi ya waya. Kwenye ndege ambayo tayari ina 89B hadithi ni nyingine kabisa: 94 ilitengenezwa iingie kwenye trei ileile, unachomoa ya zamani unasukuma mpya, fundi anahakiki na kujaza karatasi. Cessna 172R na 172S nyingi za mwishoni mwa miaka ya 90 zilitoka kiwandani na 89B, na za baadaye kidogo zikatoka na 94, kwa hiyo kabla hujaanza kutafuta chochote nenda kaangalie una trei gani.

Ya mkononi unalipa, unaifungua, unaruka. Gharama nyingine ni mkono wa kuishikilia kwenye usukani na plagi ya umeme, na hiyo plagi uulize inakubali volti ngapi kabla hujaichomeka kwenye ndege ya 28.

Kwa zote tatu usisahau usafirishaji na TRA, watu wanasahau sana hapo.

Databesi, na hapa naomba tukae kidogo

Data za anga zinabadilika kila baada ya siku 28. Kwa IFR lazima iwe ya sasa, kwa VFR watu wanatembea na ya zamani wakiwa na ramani na taarifa mpya pembeni, sio vizuri ila ndo hali halisi.

430 inatumia kadi ya mbele, unaichomoa unaenda nayo nyumbani, lakini inataka kisomeo chake maalum cha kuchomeka kwenye kompyuta, sio kile cha kadi ya kamera. Kadi za 430 ya kawaida na za W pia sio kitu kimoja, kwa hiyo usikubali muuzaji akuambie "nimekuwekea kadi" bila kukuonyesha ni ipi. KLN ni za enzi zile, 89B ilikuwa inapakiwa hata kwa disketi kupitia waya wa kompyuta, jiulize kama nyumbani kwako kuna kompyuta yenye tundu la hivyo. Za mkononi ni waya wa USB basi.

Sasa cha muhimu kuliko vyote kwa sisi wa huku: eneo. Garmin waliuza za mkononi kwa matoleo ya maeneo, kuna ya Amerika, kuna ya Atlantic, kuna ya Pacific, na Afrika iko kwenye Atlantic. Jamaa akikuuzia 496 iliyotoka Florida ikiwa toleo la Amerika, ukiiwasha Dar unaona nukta yako imekaa kwenye ukurasa mweupe. Na ile hali ya hewa ya setelaiti inayosifiwa kwenye 396 na 496 ni huduma ya Marekani, huku hupati hata tone, usiilipie.

Afu kuna viwanja vyetu vya vumbi. Dar, Zanzibar, Mafia, Mtwara, Dodoma utavikuta kwenye databesi, ila kile kiwanja cha kambi kule ndani ya hifadhi ya Nyerere au mtu ana shamba lake huko Kilombero, hicho unaandika mwenyewe. 430 inabeba pointi zako 1000, KLN inabeba 500, na mkononi nako kuna nafasi tele, hakuna atakayezijaza. Tatizo sio nafasi, tatizo ni kuandika. Simu inakupa kiwanja kama 7.4520 kusini. GPS ya ndege kwa kawaida inataka digrii na dakika. Mtu anaandika S 07 45.20 kwa sababu tarakimu zinafanana, GPS inakubali bila kelele maana 45 ni dakika halali, na kumbe ilitakiwa 07 27.12, unachukua 0.4520 unazidisha kwa 60. Tofauti hapo ni maili 18 za anga, kilomita 33 na ushee. Mwezi wa tisa, moshi wa kuchoma mbuga umetanda, unatafuta kiwanja cha mita mia nane juu ya Rufiji na uko kilomita 33 kusini kwake. Mwenzangu mmoja aliligundua hili akiwa bado chini, alipoona muda wa safari umeongezeka dakika kumi bila sababu. Tangu siku hiyo kila pointi mpya tunaisoma watu wawili.

Kwenye KLN kuna la ziada, pointi zako na mipango ya safari vinatunzwa na betri ndogo ya ndani, ikishachoka ukizima ndege vyote vinafutika na ukiwasha inaanza kutafuta setelaiti kama mtu aliyeamka ugenini, mpaka umwambie leo tarehe ngapi na uko wapi. Kubadilisha betri sio kazi kubwa ila ni kazi ya fundi, ulizia ilibadilishwa lini.

Kioo na vitufe

430 ina rangi, ni kioo kidogo kwa macho ya leo lakini kinasomeka. Kwa vizee angalia mistari inayokatiza kioo, angalia kama mwanga umefifia, na zungusha zile nobu mbili za kulia polepole, moja baada ya nyingine. Nobu iliyochoka unazungusha mara moja inaruka mara mbili, au haiendi kabisa, na hutaigundua kwenye picha. Menyu yake ndo rahisi kuliko KLN na karibu kila rubani aliyesomea nje anaijua, ukimwazima mtu ndege huhitaji kumfundisha.

94 nayo ina rangi na ramani inayotembea, 89B ni rangi moja tu na ramani yake ni michoro ya mistari. Mantiki ya KLN ni kurasa juu ya kurasa, unavuta nobu ya ndani, unazungusha, unabonyeza, na usipoitumia wiki mbili unaisahau. Aliyeizoea anaipenda lakini, mzee mmoja aliyenifundisha mambo mengi anasema 430 imewafanya vijana wavivu wa kufikiri. Sikubaliani naye ila namheshimu.

Za mkononi, 496 ina vitufe na aera ni ya kugusa. Kugusa ni tamu ukiwa chini. Saa nane mchana juu ya nchi kavu, ndege inaruka ruka kwa joto, kidole kinagonga kando ya unapotaka. Mie ningechukua vitufe. Ila kwa jua la Dar za mkononi zina faida moja kubwa, unaweza kuigeuza mwanga usipige kioo, ya paneli huigeuzi. Na iweke mbali na dira, usije ukapotosha sindano yako mwenyewe.

Sheria na karatasi

Hapa mistari imenyooka. 430, 430W na KLN zote mbili zinaweza kufungwa kwa ajili ya IFR. Ya mkononi haiwezi, hata iwe mpya kiasi gani, ni msaidizi tu.

Kufunga kitu kwenye paneli ya ndege ya 5H, yaani iliyosajiliwa Tanzania, ni mabadiliko ya ndege, kuna karatasi za mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, na kuna fundi mwenye leseni wa kusaini, na kila kifaa kinatakiwa kije na cheti chake, 8130-3 kama kinatoka Marekani au EASA Form 1 kama kinatoka Ulaya. Kifaa kisicho na cheti kinaweza kuwa kizima kabisa na bado fundi akakataa kukigusa, na atakuwa sahihi.

Na hii W sasa. WAAS ni mfumo wa Marekani wa kurekebisha GPS, unafanya kazi Amerika ya Kaskazini, Ulaya wana EGNOS yao. Ile kushuka kwa GPS kwa usahihi kama ILS ambako W inasifiwa huku kwetu hukutumii. Kwa hiyo W haina maana? Hapana, ina chaneli 15 badala ya 12, inasasisha nafasi yako mara tano kwa sekunde badala ya mara moja, inaweza kugundua setelaiti mbovu na kuitupa yenyewe, na inaweza kulisha transponda ya ADS-B, ile inayotangaza ndege yako iko wapi. Kama una mpango wa kuuza ndege nje ya nchi baadaye, W inasaidia. Kama unaruka Dar, Zanzibar, Mafia na kurudi, ya kawaida inatosha, tofauti ya hela nunulia mafuta. Usinunue ya kawaida kwa matumaini kwamba utaigeuza kuwa W, hiyo sio programu tu, mpaka antena inabadilika.

Uzee

430 ilitoka mwaka 1998, na mwaka 2011 Garmin wakaleta GTN iliyochukua nafasi yake. Ziko nyingi sana duniani kwa hiyo spea za kutolewa kwenye nyingine zipo, ila vioo ndo vinazidi kuwa shida. Cha kukufariji ni kwamba Avidyne wana IFD440 iliyotengenezwa iingie kwenye trei ya 430, yaani hela uliyomwaga kwenye waya haipotei yote siku ikifa. KLN ikifa unatafuta KLN nyingine ya mtumba, ndo mpango wenyewe. Ya mkononi ikifa umepoteza kidogo, unanunua nyingine.

Kuna hili la tarehe pia. GPS inahesabu wiki mpaka 1024 halafu inarudi sifuri, ilitokea Agosti 1999 na tena tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinaweza kuamka vikidhani tuko karibu miaka ishirini nyuma, na kikikosea tarehe ndo unaanza kuona meseji za ajabu za databesi. Kwa hiyo sharti langu kwa muuzaji ni moja: video, antena iko nje, kifaa kinawashwa kikiwa baridi, nione tarehe, nione setelaiti zinapanda, nione anazungusha nobu zote. Dakika tano.

Betri za mkononi za lithiamu baada ya miaka kumi na zaidi zinavimba, hasa zilizoachwa kwenye ndege iliyofungwa juani. Ukipewa uishike, pitisha kidole mgongoni, kifuniko kikiwa kimeinuka kidogo unajua.

Kwa hali yako sasa

Una 172R au S yenye 89B na unaruka VFR na IFR nyepesi: 94 ndo inakuita, trei unayo, waya unao.

Paneli haina kitu, redio yako namba moja inakufa, na una leseni ya IFR unayoitumia kweli, sio ya kwenye pochi: 430 ya kawaida yenye cheti, trei, konekta na antena yake kwenye boksi moja. W kama transponda yako ya ADS-B inakungoja.

Unaruka VFR tu, wikiendi, Zanzibar na Mafia, mara moja moja kusini: ya mkononi toleo la Atlantic, vitufe, na betri mpya. Tumia hela iliyobaki kuruka zaidi.

Ndege ni ya ubia kama yetu: kubalianeni kwanza nani analipia databesi kila mwaka, ndo mnunue. Sisi tulinunua kwanza.

Unasomea na ndege sio yako: ya mkononi, ukiondoka unaondoka nayo.

Tayari una ya paneli na unataka ya akiba: ya mkononi hiyohiyo, ila ichajiwe kweli. Tableti pia inafaa, ile yenye sehemu ya laini ya simu maana zisizo na laini nyingi hazina GPS ndani, na usiiache juu ya dashibodi, kwa joto la hapa inajizima yenyewe katikati ya bahari.

Umekuta ya bei nzuri mno na muuzaji anasema video hawezi, kifaa kiko stoo, ila anaweza kukupunguzia kidogo: mwambie asante, akiitoa stoo akupigie.